George Westinghouse na Breki ya Hewa

Zamani ilikuwa kazi nyepesi kulitia gari la moshi mwendo kuliko kulisimamisha. Kila behewa lilikuwa na breki yake, nayo ilikazwa kwa gurudumu la mkono. Mwendeshaji alipopiga filimbi, watu wa breki walikimbia juu ya mapaa ya mabehewa, mvua ikinyesha au barafu ikiteleza, wakiruka toka hili mpaka lile. Wengi walianguka wakafa.

George Westinghouse alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1846 katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa na karakana ya kutengeneza mashine za wakulima, na humo mtoto alijifunza kazi ya vyuma. Akaenda vitani angali kijana. Vita vilipokwisha akaingia chuo, lakini hakudumu, maana moyo wake ulikuwa karakanani.

Siku moja safari yake ilicheleweshwa, kwa sababu magari mawili ya mizigo yalikuwa yamegongana. Waendeshaji walikuwa wameonana mapema, ila nafasi ya kusimama haikutosha. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Akafikiri habari za mnyororo, kisha za mvuke; havikufaa. Baadaye akasoma gazetini jinsi mafundi walivyotoboa milima ya Alps kwa hewa iliyoshindiliwa, iliyopelekwa mbali kwa bomba. Basi, kama hewa yaweza kutoboa mwamba, mbona isikaze breki? Mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 22, akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake.

Lakini breki ile ya kwanza ilikuwa na kasoro kubwa. Hewa ilitoka katika injini ikaenda kukaza breki. Kwa hiyo mpira ulipopasuka, au mabehewa yalipokatika, hewa ilipotea, na breki ikakosa nguvu saa ile ile ilipohitajiwa. Mwingine angaliridhika, kwani breki ilikuwa ikinunuliwa. Yeye hakuridhika. Mwaka 1872 akaigeuza kazi yote: kila behewa likapewa tangi lake la hewa, na hewa ya bombani ikawa ndiyo izuiayo breki zisikaze. Bomba likipasuka, valvu huifungulia hewa ya tangi, na breki hukaza zenyewe.

Mwaka 1893 sheria ya Marekani ikaagiza magari ya moshi yawe na breki zinazotawaliwa na mwendeshaji kutoka katika injini. Westinghouse alikufa tarehe 12 Machi 1914.

Malori mazito nayo hutumia hewa, ingawa humo springi yenye nguvu ndiyo ikazayo breki hewa inapokwisha. Dereva mwangalifu, kabla ya safari, hutazama kipimo cha hewa, hukagua mipira, huzima injini na kusikiliza kama panavuja mahali. Tena hufungua kizibo cha chini ya tangi ili maji yatoke. Kwa maana hewa iliyoshindiliwa ikipoa huacha maji, nayo hula chuma na kuharibu valvu.