Beryl Markham na Farasi wa Njoro

Hapa kwetu Nyakarenzo mtoto hujifunza kazi kwa ng'ombe na mbuzi. Beryl Markham alijifunza kwa farasi.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya angali mtoto mdogo. Baba yake, Clutterbuck, alikuwa na shamba huko Njoro, akifundisha farasi wa mashindano. Mama yake alirudi Uingereza, naye binti akakulia bandani mwa farasi, akicheza na watoto wa Kiafrika wa shambani na kusema Kiswahili. Watu hutazama mpanda farasi tu. Lakini kazi kubwa ni ya saisi: kusugua manyoya, kusafisha kwato, kupapasa mguu kama una joto, kukesha na jike azaapo. Mnyama hasemi paumapo. Sharti mkono ujue.

Kisha ukame na hasara ya biashara ya unga vikamfilisi baba, akaenda zake Peru. Beryl akabaki na ujuzi wake. Alipokuwa na umri wa miaka 18 alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio, mwanamke wa kwanza katika Kenya. Arap Ruta, rafiki yake wa utotoni, alifanya kazi naye miaka mingi. Naona hasifiwi inavyomstahili.

Mwaka 1936 Beryl alivuka Atlantiki peke yake kwa ndege toka Uingereza, akaangukia Nova Scotia, akapona. Dunia yamkumbuka kwa hilo. Lakini baadaye alirudi Kenya kwa farasi wake, nao wakashinda Kenya Derby mara kadhaa. Alifariki Nairobi mwaka 1986, akikaa karibu na uwanja wa mbio.