Avogadro: Wakili aliyefumbua hesabu ya atomu

Na MWANDISHI WETU

KILA mwanafunzi wa kemia katika shule ya sekondari hujua kuhesabu atomu zilizomo katika H2O. Ile 2 ndogo iandikwayo kando ya herufi H humwambia kuwa atomu za haidrojeni ni mbili, na O isiyo na tarakimu humwambia kuwa ya oksijeni ni moja. Jumla ni tatu, na hesabu huishia hapo.

Hata hivyo, wanasayansi wa Ulaya walichukua takriban nusu karne kuafikiana juu ya tarakimu hiyo ndogo. Aliyewaonyesha njia ya kuipata alifariki kabla ya kusikilizwa.

Huyo ni Amedeo Avogadro, aliyezaliwa Agosti 9, 1776 mjini Turin, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Italia. Ukoo wake ulikuwa wa wanasheria, naye akafuata nyayo hizo. Alipotimu umri wa miaka 20 alikuwa amehitimu katika sheria za kanisa, akaanza kazi ya uwakili. Lakini moyo wake ulivutwa na fizikia na hisabati, na mnamo 1809 akawa mwalimu katika chuo cha mji wa Vercelli.

Wakati huo kemia ilikuwa imekwama. Mwingereza John Dalton alikuwa ameeleza kuwa vitu vyote vimeundwa kwa atomu, lakini hakuwa na namna ya kujua ni atomu ngapi za kila elementi zinazoungana. Akachagua njia nyepesi: akachukulia kuwa maji ni atomu moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni.

Mnamo 1808, Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac alitangaza matokeo yaliyotatiza hesabu hiyo. Lita mbili za haidrojeni zilipoungana na lita moja ya oksijeni, zilitoa lita mbili za mvuke wa maji. Iweje oksijeni ya lita moja ienee katika mvuke wa lita mbili, ilhali atomu haipasuki?

Jibu la Avogadro lilichapishwa katika jarida moja la Paris mwaka 1811. Alipendekeza kuwa gesi zozote zenye ujazo sawa, zikiwa katika joto na shinikizo sawa, huwa na idadi sawa ya molekuli. Akaongeza kuwa molekuli ya oksijeni si atomu moja, bali hugawanyika mara mbili, kila nusu ikaingia katika molekuli yake ya maji. Kwa hiyo maji ni haidrojeni mbili kwa oksijeni moja.

Wakubwa wa kemia hawakumjali. Dalton aliyatilia shaka hata matokeo ya Gay-Lussac. Naye Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi alifundisha kuwa atomu huvutana kwa umeme wa aina mbili zinazopingana, hivyo atomu mbili za elementi moja haziwezi kushikana.

Siasa nazo hazikumwacha salama. Mnamo 1820 Avogadro aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia ya kihisabati katika Chuo Kikuu cha Turin, lakini baada ya machafuko ya 1821 wadhifa huo ulifutwa. Aliurejelea mwaka 1834, akafundisha hadi alipostaafu 1850. Alifariki Julai 9, 1856.

Gharama ya kumpuuza ilikuwa kubwa. Mnamo 1861, Mjerumani August Kekulé aliorodhesha kitabuni fomula 19 tofauti zilizokuwa zimependekezwa kwa asidi ya siki pekee. Leo huandikwa C2H4O2, yaani kaboni mbili, haidrojeni nne na oksijeni mbili: atomu nane, bila ubishi.

Mwitaliano mwenzake, Stanislao Cannizzaro, ndiye aliyemtetea. Katika mkutano wa wanakemia mjini Karlsruhe, Ujerumani, Septemba 1860, Cannizzaro alieleza jinsi wazo la Avogadro linavyotoa uzito sahihi wa atomu, na kijitabu chake kikagawiwa waliohudhuria. Miongoni mwao alikuwemo Mrusi Dmitri Mendeleev, ambaye mwaka 1869 alizipanga elementi katika jedwali kwa kufuata uzito wa atomu.

Mnamo 1909, Mfaransa Jean Perrin alipendekeza idadi ya molekuli katika moli moja ya kitu ipewe jina la Avogadro. Tangu 2019, idadi hiyo imewekwa rasmi kimataifa kuwa 6.02214076 mara 10 kwa kipeo cha 23. Avogadro mwenyewe hakuwahi kuipima wala kuijua.

Wahenga walinena kuwa kutangulia si kufika. Dalton na Berzelius walimtangulia wakili huyo kwa sifa na heshima, lakini atomu za maji huhesabiwa leo kama alivyozihesabu yeye.