ABU BAKR AR-RAZI, MGANGA ALIYETENGANISHA NDUI NA SURUA



Ndugu Muislamu, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyeumba ugonjwa na akaumba dawa yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ijumaa ya leo tunakuletea maisha ya mtu ambaye jina lake labda umekwisha lisikia. Kwanza tuondoe mchanganyiko. Wanazuoni wanaoitwa Ar-Razi ni wengi, kwa sababu maana ya neno hilo ni mtu wa mji wa Rayy. Yule mwenye tafsiri kubwa ya Qur'ani ni Imamu Fakhruddin ar-Razi, aliyefariki mwaka 1210. Huyu wetu wa leo ni wa zamani zaidi. Ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, aliyezaliwa mwaka 251 Hijria, yaani 865 Miladia, katika mji huo wa Rayy, ambao magofu yake yapo pembeni ya Tehran, mji mkuu wa Iran. Wazungu walimwita Rhazes na wakamsoma kwa mamia ya miaka.

Hakuanza na uganga. Wanahistoria wanasema kwamba ujanani alikuwa akipiga udi, kisha akaingia katika kazi ya kemia, na uganga aliuanza akiwa amekwisha pita miaka 30. Kijana uliye na miaka 25 na unaona aibu kurudi darasani, hebu litazame jambo hilo.

Watu wa kemia wa zama zile walitafuta njia ya kugeuza madini duni yawe dhahabu, na wengi wao waliandika kwa mafumbo ili mwingine asielewe. Ar-Razi naye aliamini kwamba jambo hilo linawezekana, na katika hilo alikosea pamoja na wenzake. Lakini tazama namna alivyofanya kazi. Kitabu chake kinaitwa Kitab al-Asrar, yaani Kitabu cha Siri, ingawa ndani yake mambo yamewekwa wazi. Anataja vyombo kimoja kimoja: tanuru, mivukuto, koleo, vyungu vya kuyeyushia, na vyombo vya kuchemshia kitu mpaka mvuke wake ukusanywe tena ukiwa maji. Kisha anavigawa vitu katika mafungu matatu: vitokavyo kwa wanyama, vitokavyo kwa mimea na vitokavyo ardhini. Vya ardhini akavigawa tena mafungu 6. Kuna vile vinavyopaa vikipata moto, kama zebaki na salfa, kuna vile vinavyoyeyuka, kama dhahabu, chuma na risasi, na kuna mawe na chumvi za namna namna. Mtu akikisoma anaweza kwenda kujaribu mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti kati ya elimu na uchawi, kwamba mwenye elimu anakuonyesha njia aliyopita.

Katika elimu ambayo leo watoto wetu shuleni wanaiita fizikia, aliandika juu ya mizani ya maji. Dhahabu ukiipima hewani, kisha ukaipima ikiwa ndani ya maji, uzito wake unapungua kidogo. Fedha yenye uzito uleule inapungua zaidi, kwa sababu umbo lake ni kubwa na inasukuma maji mengi. Kwa njia hiyo dhahabu iliyochanganywa inajulikana bila kukatwa wala kuyeyushwa. Asili ya elimu hiyo ni kwa Archimedes Myunani, na Ar-Razi hakuona haya kuipokea kutoka kwa mtu asiye wa dini yake. Aliandika pia kwamba mboni ya jicho inajikunja kwenye mwanga na kupanuka gizani. Jaribu leo usiku kwa taa na jicho la mwanao, utaliona jambo hilo.

Sasa tufike kwenye uganga. Alikuwa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha akawa mkuu wa hospitali ya Baghdad. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa mahali pa kujenga hospitali mjini Baghdad, alitundika vipande vya nyama sehemu mbalimbali, akachagua mahali ambapo nyama ilichelewa kuoza. Hadithi ni nzuri na utaisikia mara nyingi. Lakini hospitali inayotajwa humo ni ile ya mfalme Adud ad-Dawla, nayo ilifunguliwa mwaka 982 hivi, zaidi ya miaka 50 baada ya Ar-Razi kufariki. Hatuna haja ya kumpamba kwa yasiyo na uhakika, kwa maana yaliyo na uhakika yanatosha.

Wazee wa Rayy walimweleza kuwa ni mtu mwenye kichwa kikubwa, na macho yaliyokuwa na majimaji kwa sababu ya kula kunde nyingi, ndivyo walivyodhani. Alikaa na wanafunzi wake mbele yake, na nyuma yao wanafunzi wa wanafunzi, safu kwa safu. Mgonjwa akija alisikilizwa kwanza na safu ya nje. Wakishindwa anapelekwa kwa walio ndani zaidi, na wote wakishindwa ndipo Ar-Razi anasema. Kwa maskini alikuwa mpole na mkarimu, na wakati mwingine aliwapa fedha za matumizi. Aliandika pia kitabu kwa ajili ya mtu asiye na mganga karibu, chenye dawa zinazopatikana jikoni na sokoni. Ndugu msomaji, wewe unayekaa mbali na hospitali unaelewa thamani ya kitabu cha namna hiyo.

Kabla ya kuamini dawa aliijaribu. Zebaki, yale maji mazito yanayong'aa ambayo wachimbaji wengi wa dhahabu wanayatumia, aliinywesha nyani. Akamwona nyani akijikunja na kulishika tumbo kwa mdomo na mikono. Akaandika kwamba zebaki ghafi inaleta maumivu makali ya tumbo, na kwamba iliyopikwa hadi ikapaa ni mbaya zaidi na inaua. Leo tunajua kwamba mvuke wake unaingia mapafuni na kuharibu ubongo na figo. Ndugu yetu unayeichoma zebaki jikoni ambapo watoto wamelala, habari hii ina miaka zaidi ya 1,000.

Liko jaribio lake jingine ambalo waganga wa leo wanalitaja kwa heshima. Wakati ule ugonjwa wa homa kali ya kichwa walikuwa wakiutibu kwa kutoa damu, yaani kwa kuumika au kuchanja mshipa. Ar-Razi akachukua wagonjwa wa fungu moja akawatoa damu, na fungu la pili akaliacha makusudi bila kulitoa, ili aone matokeo. Yeye aliona kwamba kutoa damu kunasaidia, na elimu ya leo haikubaliani naye katika ugonjwa huo. Lakini njia yake ya kulinganisha mafungu mawili ndiyo inayotumika mpaka leo kupima kila dawa na kila chanjo kabla haijafika mkononi mwa muuguzi.

Mwalimu wake mkubwa katika vitabu alikuwa Jalinusi Myunani, ambaye waganga wote walimfuata kwa karne nyingi. Ar-Razi alimheshimu, kisha akaandika kitabu kizima cha kueleza mashaka yake juu yake, kwa sababu homa alizozisoma kwa Jalinusi hazikuenda sawa na homa alizoziona kwa wagonjwa wake. Baadhi ya watu walimlaumu kwamba amemkosea adabu mwalimu. Sisi tunaona kwamba hakumkosea adabu, maana mgonjwa aliyelala mbele yako ana haki kubwa zaidi kuliko jina la mwalimu.

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Ar-Razi aliandika kitabu kidogo kinachoitwa Al-Judari wal-Hasba, yaani Ndui na Surua. Wengine waliyataja maradhi hayo kabla yake, naye mwenyewe anawataja, lakini kitabu chake ndicho cha kale zaidi kilichobaki kinachoyatenganisha kwa ukamilifu. Watu waliona homa na vipele, wakasema ni kitu kimoja. Yeye alikaa na wagonjwa akaangalia. Katika ndui maumivu ya mgongo ni makali zaidi. Katika surua kichefuchefu na kukosa utulivu huzidi. Akaeleza kwa nini aliyepona ndui haipati tena. Akaweka mlango wa kulinda macho ya mgonjwa, kwa kuwa alijua vipele vinaweza kuacha upofu. Sababu aliyoitoa haikuwa sahihi: alidhani damu ya mtoto inachemka kama maji ya zabibu yanapochachuka, na hakufahamu kwamba maradhi hayo yanatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Hakuna aliyejua virusi wakati ule.

Ndui imekwisha duniani. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa pwani ya Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Alipona, na miaka ya baadaye akazunguka kwa wazazi akiwahimiza wachanje watoto dhidi ya polio, mpaka alipofariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui haipo tena.

Surua bado ipo, ile ambayo wengi wetu tunaiita rougeole. Katika mlipuko uliomalizika Agosti 2020, nchi yetu ya Kongo ilizika watoto zaidi ya 7,000 walio chini ya miaka 5. Na nafasi ya ndui imeshikwa na ndugu yake, mpox, ambayo kwa binadamu ilijulikana kwanza hapa Kongo, Basankusu, mwaka 1970. Chanjo ya ndui ilikuwa inazuia mpox pia, na ilipoachwa watoto waliozaliwa baadaye walibaki bila kinga. Mwaka 2023 aina mpya ya mpox ilionekana Kamituga, Kivu ya Kusini. Uvira na Baraka ziko kwenye ziwa letu hilihili, na boti zinakuja Kalemie.

Basi mama, mtoto akipata homa na vipele, usikubali jirani akuambie kwamba yote ni sawa, wala kwamba amelogwa. Surua huanza na kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha madoa yanatoka usoni na nyuma ya masikio yakishuka mwilini. Mpox huleta vipele vyenye maji au usaha, hata kwenye viganja na nyayo, na mitoki shingoni au kwenye kinena. Tetekuwanga inafanana nayo kwa macho ya mtu asiyezoea. Kwa hiyo usihukumu wewe, mpeleke kituo cha afya siku ileile, na kabla ya hapo usimlaze na watoto wengine. Mwenye surua hupewa vitamini A, na hiyo ndiyo inayomlindia macho, yale macho ambayo Ar-Razi aliyahangaikia. Chanjo ya surua mtoto anaipata akiwa na miezi 9. Mtume wetu (s.a.w.) alituamuru kutafuta dawa, akatukataza kuingia penye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia. Asiyempeleka mtoto kwa kusema ametegemea kwa Mungu ameyaacha mafundisho hayo yote mawili.

Hatutakuficha kwamba Ar-Razi alilaumiwa katika mambo ya akida. Abu Hatim ar-Razi aliandika kitabu cha kumpinga juu ya utume, na Al-Biruni, aliyeorodhesha vitabu vyake 184, naye alimkosoa. Maneno mengi anayotuhumiwa nayo yametufikia kwa kalamu za wapinzani wake. Hatumfanyi imamu wa dini, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Surua inabaki surua, aliyeieleza awe nani.

Mwisho wa maisha yake macho yake yalifungwa na mtoto wa jicho. Inasimuliwa kwamba alikuja mtu wa kumpasua, Ar-Razi akamuuliza jicho lina tabaka ngapi. Yule hakujua, na Ar-Razi akakataa kuguswa naye. Alifariki Rayy mwaka 313 Hijria, yaani 925.

Aliacha rundo la karatasi: maelezo ya wagonjwa, maneno ya waganga wa Ugiriki, Uhindi na Syria, na chini ya kila jambo aliloliona yeye mwenyewe. Karatasi hizo zilikuwa mikononi mwa dada yake. Waziri Ibn al-Amid akamlipa fedha akazichukua, akawakusanya wanafunzi wa marehemu mjini Rayy, nao wakazipanga zikawa kitabu kinachoitwa Al-Hawi. Mwaka 1279 Faraj bin Salim, Myahudi wa Sicily, alimaliza kukigeuza kwa Kilatini, na waganga wa Ulaya wakakisoma. Kama dada yule angezitumia karatasi kuwashia moto, leo tusingejua mengi ya haya.

Wabillahi tawfiq.