Daktari Rudolf Virchow na Kidonda Kisichopona

Kila mtu aliyeshika jembe au panga amekwisha kujikata, naye ameona jinsi kidonda kinavyofunga. Kwanza damu hutoka, kisha huganda. Nyama mpya huota kutoka kandokando, ngozi hukutana juu yake, na mwisho hubaki kovu tu. Jambo hili tumelizoea hata hatulistaajabii. Lakini viko vidonda visivyofunga, kama kile tukiitacho donda ndugu, kikaacho mguuni miaka na miaka. Na baadhi ya vidonda hivyo hugeuka mwishowe kuwa saratani. Je, nguvu iponyayo mwili yawezaje kuufungulia mlango ugonjwa uuao? Mmoja wa watu waliotangulia kutuonyesha njia ya kulijibu swali hili alikuwa Mjerumani, jina lake Rudolf Virchow. Twataka sasa kueleza habari za maisha yake.

Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, jimbo la Pomerania, ambalo siku zile lilitawaliwa na mfalme wa Prusia. Baba yake alikuwa mkulima, tena mtunza hazina wa mji, wala hakuwa tajiri. Mwaka 1839 kijana huyu alipata nafasi katika chuo cha Berlin kilichofundisha madaktari wa jeshi, na mwaka 1843 akapewa shahada ya udaktari. Akafanya kazi katika hospitali kubwa ya Berlin iitwayo Charité. Kazi yake ilikuwa kupasua maiti ili kutafuta sababu ya kifo, na kuzitazama sehemu za mwili kwa hadubini, yaani chombo kikuzacho vitu vidogo hata vionekane kwa macho. Mwaka 1845 aliandika habari za mgonjwa ambaye damu yake ilijaa chembe nyeupe kupita kiasi. Miaka miwili baadaye aliupa ugonjwa huo jina la leukemia, nasi leo twajua kwamba ni saratani ya damu.

Mwanzoni mwa mwaka 1848 serikali ya Prusia ilimtuma kwenda Silesia ya Juu, ambako homa kali ya tifasi ilikuwa ikiwaua maskini kwa wingi. Alikaa huko karibu majuma matatu. Aliona watu wenye njaa, wanaoishi katika vibanda vichafu, wasio na shule wala barabara njema. Aliporudi aliandika taarifa ambayo haikuwafurahisha wakubwa. Alisema kwamba dawa peke yake haitatosha. Watu wale wapewe elimu, kazi yenye malipo ya haki, na sauti katika mambo yao wenyewe. Mwezi Machi mwaka ule ule fitina ilipotokea mjini Berlin, alikuwa upande wa wale waliodai uhuru. Kwa sababu ya mambo hayo alipata taabu katika kazi yake, na mwaka 1849 akaondoka kwenda kufundisha katika chuo kikuu cha Würzburg.

Huko Würzburg fikira zake kuu zilikomaa. Siku zile waalimu wengi waliamini kwamba chembe mpya za mwili, ziitwazo seli, zaweza kutokea katika majimaji yasiyo na umbo, kama vile povu litokeavyo juu ya maji. Daktari mmoja wa Berlin, Robert Remak, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba sivyo, bali seli hugawanyika na kuwa mbili. Virchow naye alilishika neno hilo, na mwaka 1855 akalitangaza: hakuna seli isiyo na mzazi wake. Mwaka 1856 aliitwa kurudi Berlin, na mwaka 1858 akatoa masomo ishirini yaliyochapwa kuwa kitabu. Ndani yake alifundisha kwamba ugonjwa haukai katika majimaji ya mwili, bali katika seli zenyewe. Tangu hapo uvimbe wa saratani haukuweza kuhesabiwa tena kuwa mgeni aliyeingia kutoka nje. Ni mtoto wa nyumbani. Ni seli za mwili wenyewe zilizoiacha njia yao.

Tangu mwaka 1863 alianza kuchapa masomo mengine makubwa juu ya aina za uvimbe. Aliona kwamba uvimbe mwingi huota mahali palipochokozwa kwa muda mrefu: penye kidonda cha siku nyingi, penye kovu, au penye msuguano wa daima. Akafundisha kwamba kuchokozwa huko huziamsha seli zianze kuzaana, na kwamba huenda kuzaana huko kukazidi mpaka wake.

Wengine waliomfuata walilithibitisha jambo hilo kwa majaribio. Mjapani mmoja, Yamagiwa Katsusaburo, ambaye alikuwa amesoma kwa Virchow mjini Berlin, alirudi Tokyo; na mwaka 1915 yeye na mwenzake Ichikawa Koichi wakatoa habari kwamba walipaka lami ya makaa ya mawe katika masikio ya sungura, mara kwa mara, kwa miezi mingi, hata saratani ikaota. Mwaka 1986 daktari wa Boston, Harold Dvorak, alionyesha kwamba uvimbe wa saratani hutumia njia zile zile zitumiwazo na kidonda kinachopona, ila kazi yake haifiki mwisho.

Na tulieleze jambo hili kwa maneno mepesi. Mtu akijikata, chembe nyeupe za damu hukusanyika mahali pale, nazo hupeleka habari kwa seli za jirani. Seli hizo huanza kugawanyika ili kuziba pengo, na mishipa midogo ya damu huota ili kuzilisha. Kidonda kikifunga, amri ya kuacha hutolewa, na kazi hukoma. Ni kama mafundi walioitwa kujenga ukuta uliobomoka: ukuta ukiisha, huweka vyombo chini wakaenda zao. Lakini kila seli igawanyikapo hunakili maandishi ya urithi yaliyomo ndani yake, yaani vinasaba, na mara nyingine hukosea. Mahali ambapo hapaponi, seli hugawanyika mwaka hata mwaka, na makosa huongezeka. Tena chembe nyeupe zipiganapo vita visivyokwisha hutoa sumu ziwezazo kuyaharibu maandishi hayo. Hatimaye huenda ikatokea seli moja isiyosikia tena amri ya kuacha. Huo ndio mwanzo wa saratani. Hata hivyo tusiogope kila jeraha, maana vidonda vilivyo vingi hupona salama, na saratani nyingi zina sababu nyingine.

Virchow hakuona yote sawasawa. Alidhani kwamba saratani zote huanza katika nyama zile ziunganishazo viungo. Lakini Karl Thiersch mwaka 1865, na baada yake Wilhelm Waldeyer, walionyesha kwamba zilizo nyingi huanza katika ngozi na katika utando ufunikao viungo. Tena alichelewa kukubali kwamba vijidudu ndivyo viletavyo magonjwa mengi. Mtu mkubwa naye ana mipaka yake.

Mipaka hiyo ilionekana wazi mwaka 1887. Mwana wa mfalme, Friedrich Wilhelm, mrithi wa ufalme wa Ujerumani, alipotewa na sauti, na uvimbe ukaonekana katika kikoromeo chake. Madaktari Wajerumani waliogopa kwamba ni saratani, wakataka kumpasua upesi. Daktari Mwingereza, Morell Mackenzie, alitaka kwanza ushahidi, akakata vipande vidogo, navyo vikapelekwa kwa Virchow. Yeye alivitazama kwa hadubini, asione saratani ndani yake. Basi upasuaji ukaahirishwa. Lakini ugonjwa uliendelea. Friedrich alipata kuwa mfalme mkuu mwezi Machi 1888, akiwa hawezi tena kusema, akatawala siku 99 tu, akafa tarehe 15 Juni. Ikathibitika kwamba ilikuwa saratani. Virchow alikuwa ameeleza yale yaliyokuwamo katika vipande alivyoletewa. Lakini kipande kidogo hakikuweza kueleza habari za uvimbe wote. Na hata leo, ikiwa kipande cha kwanza hakina saratani na kidonda bado hakiponi, daktari mwenye busara hukata kingine.

Katika miaka yake yote Virchow hakuiacha kazi ya kuwatetea watu. Tangu mwaka 1859 hata kufa kwake alikuwa katika baraza la mji wa Berlin, akahimiza kujengwa kwa mifereji ya maji machafu, pamoja na kukaguliwa kwa nyama ya kuliwa. Alikuwa pia mbunge, akampinga waziri mkuu Bismarck bila hofu. Mwezi Januari 1902 alianguka akishuka katika tramu, akavunjika mfupa wa paja, asipone tena. Alikufa tarehe 5 Septemba mwaka ule, mwenye umri wa miaka 80.

Basi sisi tutembeleao wagonjwa nyumbani twapata nini katika habari hizi? Twapata neno la kuwaambia. Kidonda cha mguu, au cha kovu la moto, ambacho miezi imepita hakijafunga, kisifichwe kwa kitambaa wala kutunzwa kwa majani tu. Kipelekwe hospitali kitazamwe, na hasa kikianza kuinuka kandokando au kutoa damu. Kichocho cha mkojo, ambacho mayai yake hukwama katika kibofu na kukichokoza miaka mingi, chaweza kuleta saratani ya kibofu; nacho kina dawa. Homa ya ini ya aina ya B huliharibu ini na kulilazimisha kujijenga upya daima, hata saratani ikaota. Nayo ina chanjo. Katika mambo haya yote kawia ni adui. Mtu asione haya kwa sababu ya donda lake, wala jirani zake wasimcheke. Afadhali kupoteza siku moja njiani kwenda kwa daktari kuliko kupoteza mguu, au uhai, kwa sababu ya kidonda ambacho kingaliweza kufungwa mapema.