Roger Williams, Mchungaji Aliyefukuzwa na Wenzake

Mara hii tunawaletea maisha ya Roger Williams, mchungaji wa zamani sana, aliyefukuzwa na Wakristo wenzake wakati wa baridi kali, akapokewa na watu ambao hawakuwa Wakristo. Tumemchagua kwa sababu alipopata mahali pake mwenyewe, aliwaachia mlango hata wale ambao mafundisho yao aliyachukia.

Alizaliwa London, Uingereza, karibu mwaka 1603, katika nyumba ya mfanyabiashara. Akiwa kijana alijua kuandika upesi sana, na jaji mmoja mkubwa, Sir Edward Coke, alimtumia kuandika maneno yaliyosemwa mahakamani, kisha akamsaidia kupata shule. Mwaka 1627 alimaliza masomo huko Cambridge, na baadaye akawa mchungaji. Siku zile mfalme wa Uingereza ndiye aliyekuwa mkuu wa kanisa, na aliyekataa kuabudu kama ilivyoamriwa aliweza kutozwa faini au kutiwa gerezani. Wakristo walioitwa Wapuritani, waliotaka kanisa lisafishwe, walianza kuvuka bahari kwenda Amerika. Williams na mkewe Mary walipanda meli iitwayo Lyon mwezi Desemba 1630, wakafika karibu na Boston mwezi Februari 1631.

Sasa tazameni jambo hili. Watu wale walikuwa wamekimbia kulazimishwa katika imani, lakini katika koloni lao jipya la Massachusetts walianza kulazimisha wengine. Tangu 1631 haki ya kupiga kura ilikuwa ya wanaume waliokubaliwa kuwa washirika wa kanisa peke yao. Mahakimu waliadhibu makosa ya ibada kama walivyoadhibu wizi. Kanisa la Boston lilimpa Williams kazi ya ualimu, naye akaikataa, kwa sababu halikuwa limejitenga kabisa na kanisa la mfalme. Alikuwa mtu mgumu, hatutaki kuficha hilo. Alikwenda Salem, akaenda Plymouth, akarudi tena Salem, na kila mahali maneno yake yaliwasumbua wakubwa.

Alifundisha kwamba hakimu hana ruhusa kumwadhibu mtu kwa mambo yaliyo kati yake na Mungu. Akafundisha pia kwamba mfalme hakuwa na haki ya kugawa ardhi ya wenyeji ambao hawakuiuza wala kuitoa. Fundisho hili la pili liliwatia hofu wakubwa, maana liligusa hati ya koloni zima na shamba la kila mzungu aliyekaa pale.

Mwezi Oktoba 1635 Baraza Kuu la Massachusetts liliamua afukuzwe. Mwezi huohuo mkewe alijifungua mtoto wa pili, binti, wakamwita Freeborn, maana yake aliyezaliwa huru. Kwa kuwa Williams alikuwa mgonjwa, aliruhusiwa kukaa mpaka majira ya baridi yapite, mradi asiendelee kueneza mafundisho yake. Lakini watu waliendelea kuja nyumbani kwake kumsikiliza. Mwezi Januari 1636 wakubwa walimtuma nahodha na watu wake wamkamate wampeleke melini, arudishwe Uingereza. Walipofika, nyumba haikuwa na mwenyewe. Alikuwa ameondoka siku tatu kabla. John Winthrop, ambaye alikuwa gavana miaka ya nyuma, ndiye aliyemshauri kwa siri aelekee kwenye ghuba ya Narragansett. Mke na watoto walibaki Salem.

Wasomaji wetu wengi hawahitaji kuelezwa ni nini kuondoka nyumbani usiku na kuacha mtoto mchanga. Kilichomwokoa Williams ni lugha. Alipokuwa Plymouth alikwenda mara nyingi katika vijiji vya wenyeji, akalala katika nyumba zao zenye moshi na kujifunza maneno yao. Kwa wiki 14 alihangaika katika theluji, na Wawampanoag na mkuu wao Massasoit wakampa hifadhi. Ilipofika masika alianza kupanda mazao, lakini Plymouth ikampelekea ujumbe kwamba bado yuko ndani ya mipaka yake, avuke mto. Akahama tena kwa mtumbwi. Ng'ambo ile machifu wa Wanarragansett, Canonicus na Miantonomi, walimpa ardhi. Aliwapa zawadi, lakini baadaye aliandika kwamba fedha isingeweza kununua nchi ile, bali upendo. Mahali pale alipaita Providence, yaani majaliwa ya Mungu.

Vichwa vya nyumba walikutana mara kwa mara wakaamua mambo kwa wingi wa kura, na mwaka 1637 wakaweka sahihi mkataba kwamba watatii maamuzi hayo katika mambo ya kiraia tu. Jaribio halikuchelewa. Mwaka 1638 mtu aitwaye Joshua Verin alimzuia mkewe, tena kwa kumpiga, asiende kwenye mikutano ya ibada. Wengine walisema mume ana amri nyumbani kwake. Mkutano ukapiga kura ukamnyang'anya Verin haki ya kupiga kura, kwa kuwa alizuia uhuru wa dhamiri ya mwingine. Wanawake wenyewe hawakuwa na kura siku ile, na Verin alirudi Salem pamoja na mkewe. Hata hivyo sisi tunaona uamuzi ule ulikuwa mkubwa kwa wakati wake.

Williams alishiriki pia kuanzisha kanisa la kwanza la Wabatisti katika Amerika, karibu 1638, ila baada ya miezi michache akalitoka. Hakuona tena kanisa ambalo angeweza kusema hili ndilo.

Mwaka 1643 alisafiri kwenda Uingereza kutafuta hati ya koloni, akachapisha kitabu cha lugha ya Wanarragansett. Mwaka 1644 akapata hati, akatoa pia kitabu cha kupinga mateso kwa ajili ya imani. Bunge liliamuru kitabu hicho kichomwe moto.

Katika miaka ya 1650 walifika Marafiki. Ndilo kanisa ambalo leo lina waumini wengi Kenya, Burundi na Kongo. Boston iliwachapa viboko, na kati ya 1659 na 1661 ikawanyonga wanne. Makoloni jirani yalidai Rhode Island iwafukuze, nayo ikakataa. Na Williams je? Aliona mafundisho yao ni upotovu mkubwa. Mwaka 1672, akiwa mzee wa karibu miaka 70, alipiga makasia mwenyewe hadi Newport, akabishana nao siku tatu, kisha akaandika kitabu kizima cha kuwapinga. Lakini hakuomba wafungwe wala waondolewe.

Uzee wake ulikuwa wa huzuni. Vita kati ya makoloni na wenyeji vilipozuka mwaka 1675, urafiki wa miaka 40 ulivunjika, na Machi 1676 Providence ilichomwa pamoja na nyumba yake. Baadaye alikaa katika kamati iliyouza mateka wa kiwenyeji watumikishwe kwa miaka, yeye aliyeokolewa na wenyeji katika theluji. Jambo hili linatuuma, wala hatuoni namna ya kulitetea.

Alifariki mwanzoni mwa 1683 akiwa maskini. Hati ya mwaka 1663, iliyompa kila mtu wa koloni uhuru wa dhamiri, iliendelea kutumika hadi 1843. Na mwaka 1791 Marekani iliandika katika katiba yake kwamba Bunge la nchi lisiweke dini ya serikali wala kuzuia ibada.

Hukumu ya kumfukuza ilifutwa rasmi na Bunge la Massachusetts mwaka 1936, miaka 300 tangu alipotoka Salem.