Rosa Ponselle, Mwimbaji Aliyeogopa

Zamani watu wengi wa Italia waliiacha nchi yao, wakavuka bahari kwenda Marekani kutafuta kazi. Wazazi wa Rosa Ponzillo walikuwa miongoni mwao. Walikaa katika mji mdogo wa Meriden, jimbo la Connecticut. Huko baba aliuza mikate, vyakula na makaa. Rosa alizaliwa tarehe 22 Januari 1897.

Alipokuwa mtoto, mwalimu mmoja aliyepiga kinanda kanisani alimfundisha muziki. Hakuingia katika shule kubwa ya muziki. Alipokuwa kijana alipata kazi katika nyumba ya sinema. Siku zile sinema hazikuwa na sauti. Kwa hiyo Rosa alipiga piano watu wakitazama picha, na mkanda ulipobadilishwa aliwaimbia.

Dada yake Carmela, aliyemzidi miaka 10, alikuwa ametangulia New York, naye alikuwa mwimbaji. Mwaka 1915 walianza kuimba pamoja, wakasafiri mji kwa mji. Watu waliwapenda sana.

Wakati ule alikuwako Mwitaliano mmoja, jina lake Enrico Caruso, aliyesifiwa duniani kote kwa uimbaji wa opera. Opera ni mchezo ambao wachezaji hawasemi maneno yao, bali huyaimba, na kundi kubwa la wapiga vinanda huwafuatisha. Mwaka 1918 Caruso alimsikia Rosa, akashangaa. Akamsaidia kufika mbele ya mkuu wa Metropolitan Opera, jumba kubwa la opera la New York.

Rosa akakubaliwa. Lakini alikuwa hajaimba opera hata moja! Alipewa miezi michache tu ya kujifunza. Akasoma usiku na mchana. Tarehe 15 Novemba 1918, siku nne baada ya vita kuu kukoma, aliimba pamoja na Caruso katika opera ya Verdi iitwayo La forza del destino. Alikuwa na miaka 21. Jumba lilichukua watu zaidi ya 3,000, na sauti yake ilipaswa kufika kwa wote pasipo kipaza sauti. Hofu ilimshika sana. Caruso naye, ingawa alikuwa mkubwa, aliogopa kila mara kabla ya kuimba. Hata hivyo Rosa alitoka, akaimba, na watu wakampigia makofi mengi. Tangu hapo aliitwa Rosa Ponselle.

Sifa hazikumfanya mvivu. Mwaka 1927 aliimba Norma, opera iliyo ngumu kuliko nyingi, baada ya kujitayarisha kwa muda mrefu. Tangu 1929 hata 1931 aliimba London, na mwaka 1933 Florence, katika nchi ya wazazi wake. Carmela naye aliingia Metropolitan mwaka 1925.

Lakini hofu haikumwacha Rosa. Mwaka 1935 aliimba Carmen, na waandishi wengi wa magazeti wakamlaumu. Baadaye aliomba kuimba opera nyingine aliyoipenda, wakuu wakakataa. Mwaka 1937, akiwa na miaka 40, aliacha opera.

Alikwenda kukaa karibu na Baltimore. Nyumba yake aliiita Villa Pace, maana yake Nyumba ya Amani, kwa kukumbuka wimbo wa opera yake ya kwanza. Huko hakuificha akili yake. Aliwafundisha waimbaji vijana, na baadhi yao wakawa mashuhuri. Alikufa tarehe 25 Mei 1981, akiwa na miaka 84.

Watu wengi hudhani kwamba shujaa ni yule asiyeogopa. Rosa Ponselle aliogopa miaka 19, na miaka 19 hiyohiyo aliimba.