Helmholtz: Daktari aliyechunguza kwa nini dunia haiyumbi machoni

MTU anapogeuza macho, picha iliyo ndani ya jicho huhama, lakini nyumba na miti iliyo mbele yake hubaki imetulia tuli. Hermann von Helmholtz, aliyezaliwa Agosti 31, 1821 mjini Potsdam, Ujerumani, aliipa ajabu hiyo maelezo ambayo yangali yanafunzwa.

Alitamani kusomea fizikia, lakini babake, aliyekuwa mwalimu, hakumudu karo. Hivyo akajiunga na chuo cha matibabu cha jeshi mjini Berlin, ambako serikali ilimlipia kwa sharti kwamba baadaye awatibu wanajeshi. Mnamo 1849 aliteuliwa profesa mjini Königsberg, na 1851 akatangaza kifaa cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai.

Katika kitabu chake kikubwa kuhusu macho, kilichotolewa kwa sehemu kati ya 1856 na 1867, alieleza jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Mtu akifumba jicho moja, kisha alisukume la pili polepole kwa kidole juu ya ukope, ataona vitu vyote vikihama. Akiligeuza kwa misuli yake, vitu havisogei.

Aidha, alizingatia wagonjwa waliopooza msuli wa jicho. Walipojaribu kuligeuza, nalo lisitii, waliona vitu vikiruka ilhali jicho halikusogea. Kutokana na hayo, Helmholtz alihitimisha kwamba ubongo hutegemea juhudi yake wenyewe ya kuamuru jicho ligeuke, na kwa kipimo hicho hukadiria vitu viko wapi. Kidole kinaposukuma jicho, amri hiyo haipo.

Si wote waliokubali. Charles Sherrington wa Uingereza alishikilia kuwa habari hizo hutoka kwenye misuli yenyewe. Helmholtz alifariki Septemba 8, 1894, akiwa na umri wa miaka 73, kabla ya mjadala huo kutatuliwa.

Mnamo 1950, Erich von Holst na Horst Mittelstaedt nchini Ujerumani, waliochunguza nzi, na Roger Sperry nchini Marekani, aliyechunguza samaki, walifikia uamuzi unaokaribiana: ubongo hujiwekea nakala ya amri unayoituma kwa misuli. Leo inafahamika kuwa misuli nayo huchangia, lakini nakala hiyo ndiyo nguzo kuu ya utulivu ambao kila mwenye macho huuona kuwa jambo la kawaida.